Daktari wa Mengo na Madaftari Yake

Katika kurasa hizi za maisha ya watu mashuhuri tumezoea kuwakuta akina Nkrumah, Lumumba na Mwalimu Nyerere. Safari hii nimeomba nafasi nimlete mtu ambaye najua wengine mtaguna mkimwona: mzungu, tena mmisionari, tena wa enzi zile zile za Biblia mkono mmoja na bendera mkono wa pili. Vumilieni kidogo. Simleti kwa ajili ya mahubiri yake. Namleta kwa ajili ya madaftari yake ya wagonjwa, na kwa ajili ya kosa moja kubwa alilolifanya, ambalo sisi tunaosoma uhandisi na wenzetu wa afya ya umma hapa Minnesota tunaweza kulirudia kesho asubuhi, isipokuwa sisi tutalifanya haraka zaidi kwa kuwa tuna kompyuta.

Mtu huyo ni Albert Ruskin Cook. Waganda wanamfahamu tangu shuleni. Sisi wa Kenya na Tanzania wengi tunapita Mengo tukienda mjini Kampala bila hata kuuliza hospitali ile ilianzaje.

Alizaliwa mwaka 1870 Hampstead, London, mtoto wa daktari. Akasoma Cambridge, chuo cha Trinity, kisha akamalizia udaktari hospitali ya St Bartholomew's. Mwaka 1896 chama cha wamisionari wa Kianglikana, CMS, kikamtuma Uganda pamoja na kundi la wenzake, na ndani ya kundi hilo alikuwemo muuguzi mmoja, Katharine Timpson. Walipofika Mombasa reli ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kujengwa mwaka huo huo, kwa hiyo bara waliingia kwa miguu, na mizigo yao, zikiwemo dawa na vifaa vya upasuaji, ikabebwa vichwani na wapagazi. Majina ya wapagazi hao hayasomwi popote, na kama wasingefika wao hakuna hospitali ambayo ingefunguliwa.

Mwezi Februari 1897 wakaingia Mengo, kilima cha Kabaka. Cook alikuwa na miaka 26. Mwezi huo huo akaanza kutibu, na kabla ya katikati ya mwaka palikuwa na jengo la nyasi na matete lenye vitanda vichache, likaitwa hospitali. Nchi yenyewe haikuwa shwari hata kidogo. Kabaka Mwanga alikimbia mwaka huo huo na mwanawe mchanga, Daudi Chwa, akawekwa kwenye kiti. Askari wa Kisudani wakaasi, na mwezi Desemba George Pilkington, mmisionari aliyesimamia tafsiri ya Biblia kwa Kiganda, akapigwa risasi na kufa kule kwa Luba, Busoga. Cook alikuwa huko akihudumia majeruhi.

Hapa nisimamishe gari kidogo, maana kuna watu hudhani tiba Uganda ilianza siku Cook alipofungua sanduku lake. Sivyo. Mwaka 1879, yaani miaka kumi na minane kabla, mmisionari mwingine wa CMS, Robert Felkin, alishuhudia huko Kahura, Bunyoro, mganga wa Kiafrika akimpasua mama tumbo na kumtoa mtoto. Mama alipewa pombe ya ndizi, mikono na tumbo vikaoshwa kwa pombe hiyo hiyo, kidonda kikafungwa kwa misumari ya chuma na nyuzi za magome. Felkin hakuondoka. Alikaa akahesabu siku, na siku ya kumi na moja kidonda kilikuwa kimepona. Mimi huipenda habari hii kwa sababu ya hizo siku kumi na moja. Kuona upasuaji ni jambo moja, kukaa mpaka ujue mgonjwa aliishia wapi ni jambo jingine kabisa, na hilo la pili ndilo gumu.

Sasa turudi Mengo. Tangu mwanzo Cook aliandika. Kila mgonjwa aliyelazwa aliandikiwa: nani, ametoka wapi, anaumwa nini, kafanyiwa nini, na mwisho wake umekuwa nini. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa kumi. Nduguye Jack, naye daktari, alimfuata mwaka 1899 na kuandika vile vile. Mwaka 1900 Cook akamwoa yule muuguzi Katharine. Mwaka 1902 radi ikaipiga hospitali ikaungua, wakaanza upya kwa matofali. Lakini kumbukumbu za wagonjwa za tangu 1897 zipo mpaka leo Makerere, kwenye maktaba ya udaktari yenye jina lake.

Ili tuone uzito wake, tutazame jirani yetu hapa. Rochester, ambako wengi wetu tumewahi kwenda, ni mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kutoka Minneapolis. Zama hizo palikuwa mji mdogo wa wakulima. Kliniki ya akina Mayo ilikuwa tayari na sifa, lakini kila daktari alikuwa na daftari lake, na mgonjwa aliyeonwa na watatu alikuwa na habari zake vipande vipande katika vitabu vitatu. Ni mwaka 1907 ndipo Henry Plummer, daktari mwenye akili ya kiufundi (ningesema alikuwa mhandisi aliyepotea njia), alipobuni mpango wa mgonjwa mmoja namba moja, na kila kitu chake katika jalada moja. Mpango ule ukasambaa duniani. Na ndio uliowezesha, tangu 1966, watafiti wa Rochester kuunganisha majalada ya wakazi wa wilaya nzima ya Olmsted na kufuatilia nani alipata ugonjwa gani na akaishi miaka mingapi. Sisemi Cook alimtangulia Plummer kwa ubunifu, hapana. Nasema tu kwamba daktari wa kilimani Mengo, asiye na umeme, alikuwa na miaka kumi ya kumbukumbu za wagonjwa wakati kliniki maarufu ya Minnesota inaanza kuzipanga za kwake.

Mtihani wa kwanza wa madaftari ulikuja mwaka 1901. Wakaanza kuja Mengo, hasa kutoka Busoga na pwani ya ziwa, watu waliosinzia mchana, wakakonda, wakapoteza fahamu, wakafa. Akina Cook walitambua kwamba ni malale, ugonjwa uliojulikana Kongo na Afrika Magharibi lakini haujawahi kuonekana upande huu. Kubashiri mwisho wa mgonjwa wa malale wakati huo hakukuhitaji hesabu: wote walikufa. Hadi kufika 1920 inakadiriwa watu zaidi ya 200,000 walikuwa wamekwisha, na serikali ya kikoloni ilikuwa imewahamisha waliobaki kutoka visiwani na kando ya ziwa.

Lakini swali la nini kinaleta malale ndilo lililowachanganya wakubwa. Wagonjwa wengi walikuwa na minyoo midogo ya filaria kwenye damu, na Patrick Manson, bingwa wa London, alidhani hiyo ndiyo sababu. Data ilionekana inakubali, si mgonjwa huyu anayo na yule anayo? Tume iliyotumwa mwaka 1902 ilimtoa mjumbe mmoja, Cuthbert Christy, azunguke nchi. Akakuta kuna sehemu minyoo imejaa na malale hakuna, na sehemu malale imejaa na minyoo hakuna. Nadharia ikaanguka hapo hapo. Castellani alikuwa ameona vijidudu vingine, trypanosoma, kwenye maji ya uti wa mgongo, na Bruce mwaka 1903 akathibitisha kuwa vinaenezwa na mbung'o. Ona basi: wodini peke yake jibu lisingepatikana. Ilibidi mtu atoke nje ya lango la hospitali akapime pia wasioumwa.

Na bado kuna la dawa. Mwaka 1906 Robert Koch alipiga kambi visiwa vya Sese akijaribu atoxyl, dawa yenye aseniki ndani. Wagonjwa waliamka, wakala, wakatembea. Matokeo mazuri sana, ukiishia kuandika wiki zile. Baadaye wengi ugonjwa uliwarudia, na dozi zilipoongezwa wapo waliopofuka moja kwa moja. Ningekuwa na uwezo, kila mtu anayechora jedwali lenye safu ya "amepona" ningemtaka aandike pembeni: amepona kwa muda gani?

Sasa nafika kwenye kosa la Cook mwenyewe, na hapa sitapita haraka.

Mwaka 1907 jeshi la Uingereza lilimtuma Uganda Kanali Lambkin, mtaalamu wa magonjwa ya zinaa, achunguze kaswende. Taarifa yake ya 1908 ilishtua dunia. Alidai zaidi ya nusu ya Wabaganda wanayo, na sehemu nyingine za nchi hata kufika asilimia 90. Alidai watoto wachanga wanakufa zaidi ya nusu kwa sababu hiyo. Maana yake ilikuwa kwamba kabila zima linaelekea kutoweka. Akaenda mbali zaidi, akasema chanzo ni wanawake kuachiwa uhuru baada ya Ukristo kuingia na mila kulegea. Cook hakukubaliana naye kuhusu kuulaumu Ukristo, unaweza kuelewa kwa nini. Lakini kuhusu ukubwa wa ugonjwa alikuwa upande wake, na uzito wa maneno yake ulitokana na madaftari ya Mengo. Mtu ana rekodi za miaka kumi, nani ambishie?

Hebu tulichambue kama wanafunzi. Kwanza, ugonjwa ulitambuliwa kwa jicho. Kipimo cha damu cha Wassermann kilikuwa kimegunduliwa 1906 huko Ujerumani na hakikuwa kimefika kila mahali, na hata kingefika, kingesema ndiyo pia kwa mtu mwenye buba, kwa sababu vijidudu vya buba na kaswende ni ndugu wa tumbo moja. Vidonda vyao vinafanana. Mtoto wa kijijini aliyeambukizwa buba kwa kucheza na wenzake aliweza kuingia kwenye hesabu kama ushahidi wa uasherati wa nchi. Pili, kila mimba iliyoharibika na kila kichanga aliyekufa alielekezwa huko huko, wakati malaria ilikuwepo, kuhara kulikuwepo, pepopunda ya kitovu ilikuwepo.

Tatu, na hili ndilo la kwetu wahandisi, asili ya ile sehemu haikuwepo. Mnakumbuka shule ya msingi: kiasi juu, asili chini. Juu walikuwa na wagonjwa wenye vidonda waliokuja hospitali. Chini waliweka nchi nzima. Zahanati ikisifika kwa dawa ya vidonda, wenye vidonda ndio watakaotembea siku tatu kuifikia. Wazima hawatembei siku tatu kwenda kuandikishwa kuwa ni wazima. Kwa hiyo daftari la mlangoni, hata liandikwe kwa uaminifu namna gani, linahesabu waliovuka kizingiti. Halijui chochote kuhusu waliobaki kijijini, wala waliofia njiani.

Nasisitiza kwa sababu ndiyo kazi yangu ya shahada: kutengeneza modeli za kubashiri wagonjwa wa zahanati za vijijini wataishia wapi. Tunapewa faili la data, safi, lina safu na mistari, tunaliingiza kwenye programu, linatoa asilimia zenye nukta mbili za desimali. Na katika faili hilo mgonjwa ambaye hakurudi ameandikwa "hajulikani", basi tunamfuta ili hesabu zikae vizuri. Jamani, huyo aliyefutwa huenda ndiye aliyekufa. Au ndiye aliyepona akaona hana haja ya kupoteza siku ya kilimo. Modeli haijui, na sisi tunaoiandika tumekaa mbele ya skrini Minneapolis, theluji dirishani.

Makosa ya karatasi hayabaki kwenye karatasi. Kwa hofu ile ya kaswende ilianzishwa kampeni nzima. Mwaka 1913 kikafunguliwa kituo cha kutibu magonjwa ya zinaa juu ya kilima cha Mulago, na ndicho kilichokua kikawa hospitali kuu ya taifa. Watu walilazimishwa kupimwa, wanawake nao wakadhalilishwa katika upimaji huo, na watu walichomwa sindano kali za aseniki na kupewa zebaki. Miaka ya 1950 profesa wa patholojia wa Makerere, J.N.P. Davies, alipitia upya habari yote hii na kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya kilichoitwa kaswende huenda ilikuwa aina isiyo ya zinaa, ile ya kuambukizana utotoni nyumbani. Na kabila lililotabiriwa kutoweka? Sensa ya 2024 ilihesabu watu milioni 45.9 Uganda, na Wabaganda ndio kabila kubwa kuliko yote.

Lakini maisha ya watu hayanyooki. Kutokana na utabiri huo huo mbovu lilizaliwa jambo ambalo mimi naliona kuwa bora kuliko yote yaliyofanywa Mengo. Hofu ya vifo vya watoto ilileta fedha, na mwaka 1919 Katharine Cook akaanzisha shule ya wakunga. Wasichana wa Kiganda walifundishwa kwa lugha yao, Cook mwenyewe akawaandikia kitabu cha ukunga kwa Kiganda, kisha wakapelekwa vijijini kufungua vituo vya uzazi. Msichana mmoja, nyumba ndogo, kitanda, mizani, daftari. Alipaswa kuandika kila uzazi: mama yuko hai au la, mtoto yuko hai au la. Hapo asili ya sehemu ikaanza kupatikana, angalau kwa wale waliozalia kituoni, maana mkunga aliandika waliosalimika pamoja na waliopotea. Kwa maoni yangu Katharine anastahili makala yake mwenyewe, na anayeweza kuiandika aiandike kabla sijamwahi. Alifariki mwaka 1938.

Mumewe alipewa cheo cha Sir mwaka 1932, akastaafu 1934, na hakurudi Uingereza kama wengi wa rika lake. Alibaki Kampala, akaandika kumbukumbu zake, akafariki Aprili 1951 akiwa na miaka 81. Kaburi lake liko Namirembe, nje ya kanisa kuu, hatua chache kutoka hospitalini.

Miaka sita baada ya kifo chake, daktari mpasuaji wa Mulago, Denis Burkitt, alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Baadaye kidogo Jinja akamwona mwingine. Akaandika juu ya uvimbe huo mwaka 1958, akatuma fomu kwa mamia ya hospitali za serikali na misheni za Afrika akiuliza kama wamewahi kuuona, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakapanda gari kuukuu na kuendesha kama maili 10,000, hospitali hadi hospitali, kusini mpaka Msumbiji na Afrika Kusini, wakiuliza swali hilo hilo na kuchomeka pini kwenye ramani. Ilionekana saratani hiyo inafuata joto na mvua, sehemu zile zile za malaria. Sayansi ya virusi vinavyohusika na saratani ya binadamu ilipiga hatua kubwa kutokana na safari ile.

Swali lililobaki lilikuwa kama ugonjwa huu ni mpya. Je, umeletwa na kitu fulani cha kisasa, dawa za kunyunyizia wadudu pengine, au vyakula vya kigeni? Huwezi kujibu kwa kuangalia wagonjwa wa leo, hata uwe na elfu. Davies na wenzake, wakiwemo Owor na Mtimavalye, wakaenda kwenye rafu wakayashusha madaftari ya Mengo, 1897 hadi 1956, wakayasoma mgonjwa kwa mgonjwa, na mwaka 1964 wakachapisha walichokikuta katika jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ. Sura ya saratani katika Kampala ya zamani ilifanana kwa sehemu kubwa na ile ya miaka yao. Na watoto wenye uvimbe wa taya walikuwemo mle, tangu miaka ya mwanzo ya karne, kabla Burkitt hajazaliwa. Cook hakuwa na jina la kuupa ugonjwa ule, na kwa watoto wale hakukisia wala hakutabiri. Aliandika alichokiona, akaweka tarehe.